Wazimu, pepo, majinuni: maneno yaliyompanda kaka yangu

Jumamosi iliyopita nilikuwa ndani ya taksi pale Jinja, tunasubiri ijae twende Kampala, alafu akaja jamaa mmoja amevaa koti zito kwenye jua la saa saba, anaongea peke yake, ana kijiti mkononi anachorachora kwenye vumbi karibu na mlango wa gari. Kondakta akamfokea, "Wewe mulalu, toka hapa, unanifukuzia abiria!" Mulalu ni kichaa kwa Kiganda. Watu wakacheka kidogo, wengine wakainamia simu zao. Mbele yangu alikuwa amekaa mama mmoja mzee, Kiswahili chake cha Arua kabisa, akatoa kichwa dirishani akamwambia kondakta, "Mwanangu, usimuite hivyo. Huyo amepandwa tu. Kilichopanda kinashuka." Akarudisha kichwa ndani akaendelea kumenya chungwa lake.

Gari likaondoka, tukavuka Nile, tukaingia msitu wa Mabira, na mi bado niko kwenye lile neno. Kupandwa. Manake mara ya mwisho kulisikia likisemwa kwa upole namna ile ilikuwa mdomoni mwa mama yangu, mwaka 2009, na aliyekuwa amepandwa alikuwa kaka yangu wa kwanza.

Sisi tumekulia kambini, baba alikuwa askari, na kwenye kambi za Uganda Kiswahili ndo lugha ya kila kitu, ya gwaride, ya posho, ya kugombana na ya kuombea. Watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara, wa Kisoga, wa Kiteso, wote tunakutana kwenye Kiswahili hicho hicho, nje ya geti watu wanakuuliza kama na wewe ni mwanajeshi, lakini kwetu ndo lugha ya nyumbani, mi hata nikiota naota kwa Kiswahili. Kwa hiyo kaka alipougua, aliugua kwa Kiswahili, na majirani wakamtafutia jina kwa lugha zote walizokuwa nazo.

Alikuwa fundi redio. Fundi kweli, mikono yake ilikuwa na utulivu ambao mi sina mpaka leo. Mwanzoni mwa mwaka ule akaanza kukesha na redio ya mzee mmoja jirani, akasema kuna sauti nyuma ya stesheni, siyo kwenye stesheni, nyuma yake. Baada ya wiki mbili alikuwa amefungua redio zote zilizokuwemo ndani ya nyumba, za wateja na ya baba. Usiku mmoja niliamka kwenda nje nikamkuta amekaa sakafuni na taa ya chemli, ametandika gazeti, na juu ya gazeti amepanga skrubu zote kwa urefu, kuanzia zile ndogo kama punje ya simsim mpaka zile nene zinazoshika spika, mistari imenyooka kama askari paredi. Anazigusa moja moja kwa ncha ya bisibisi anahesabu. Akifika mwisho anasema "bado", anazivuruga zote kwa kiganja, anaanza upya. Ngozi ya pembeni ya kucha ilikuwa imechubuka inatoa damu na hakuwa anaisikia. Nilisimama pale mlangoni nikamuita jina lake mara mbili, hakugeuka.

Asubuhi kila mtu alikuja na neno lake. Mwehu. Chizi. Kichaa. Mulalu. Ana kazoole. Mama wa nyumba ya pili, Muislamu, akasema huyu amekuwa majinuni, kuna jini. Mwingine akasema ni mizimu ya babu haijatambikiwa. Mwingine akasema bangi. Mama yangu hakusema lolote kati ya hayo, alisema tu, "Mtoto wangu amepandwa," akaenda kumchemshia uji.

Tangu wakati huo mi nimekuwa mtu wa kuyafuatilia haya maneno, miaka mingi sasa, naulizauliza wazee, nafungua kamusi za zamani, nalinganisha na lugha za jirani. Na nataka niseme nilichokikuta, kwa sababu naona tunayatumia kama mawe ya kurusha na hatujui ndani yake kuna nini.

Tuanze na wazimu lenyewe. Liangalie vizuri, wa-zimu. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, tunajua, na kuzimu ni kule chini waliko. Wazimu kwa umbo lake ni wengi, ni wale wenyewe, kama vile ukisema wageni au wazee. Kwa hiyo mtu wa zamani akisema "fulani ana wazimu" alikuwa hasemi juu ya akili hata kidogo, alikuwa anasema huyu ana wageni kutoka kuzimu, kuna waliokufa wako naye. Baadaye maana ya kwanza ikasahaulika na sarufi ikasahau pamoja nayo, leo tunasema "wazimu umempanda", umem-, kitu kimoja, hatusemi tena wamempanda. Ile u- ndogo ndo kaburi la maana ya zamani. Na mwendawazimu ni huyo huyo, mtu anayekwenda, na hao wako kwenye mwendo wake.

Neno hili si la pwani peke yake. Hapa Buganda omuzimu ni roho ya marehemu mpaka leo, lakini Mganda haliiti wazimu kwa hilo neno, yeye kichaa anakiita eddalu. Washona kule Zimbabwe wana mudzimu, roho ya mzee inayolinda ukoo. Watswana na Wasotho wakisema badimo ni wazee waliotangulia, na Modimo ndo Mungu mwenyewe! Wazulu nao wana izimu, ni lile jitu linalokula watu kwenye hadithi, na kwetu hilo jitu tunalo pia, ni zimwi, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yaani mzizi mmoja wa Kibantu umetembea Afrika nusu nzima, mahali pengine umekuwa Mungu, pengine babu mwema, pengine jitu la kula watoto, na kwetu Waswahili umekuwa ugonjwa. Sijui kama kuna neno lingine linalonigusa kama hili.

Lakini kilichonikamata zaidi si jina, ni vitenzi vyake.

Sikiliza tunavyosema. Amepandwa na wazimu. Amepagawa. Mzuka umempanda. Karukwa na akili. Karibu kila mahali kuna ile -wa ya kutendwa, mtu hafanyi, anafanyiwa. Hakuna kwenye Kiswahili cha kawaida namna nzuri ya kuligeuza neno wazimu lenyewe kuwa kitenzi, useme mtu "amewazimu" kama vile tunasema amelala au amekimbia. Kitu kimetoka huko kimekuja juu yake. Na ukitaka kusema anao, unasema ana, ana wazimu, sawa sawa na ana homa, ana njaa, ana deni.

Kupagawa ndo lilinishika kabisa. Kupagaa maana yake ya zamani ni kubeba mzigo begani, ndo maana aliyebeba mizigo ya misafara aliitwa mpagazi. Kiswahili kilifika Buganda karne ya 19 na hiyo hiyo misafara ya biashara kutoka pwani, kilifika juu ya mabega ya wapagazi tunaweza kusema. Na kitenzi hicho hicho ndicho kinatumika kwa pepo, pepo anampagaa mtu, mtu anapagawa. Mi nilipoliona hilo nilifunga kamusi nikakaa kimya, kwa sababu niliyaona mabega ya kaka yangu usiku ule, jinsi yalivyokuwa yameinama juu ya gazeti, mabega ya mtu aliyebebeshwa.

Na siyo sisi tu. Mganda anasema eddalu limulinnye, kichaa kimempanda, kitenzi ni kile kile cha kupanda mti au kupanda gari. Banyoro na Banyankole wana kubandwa, ile ibada ya zamani ya Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi yao, ambapo roho inamshukia mtu na kusema kwa mdomo wake, na hilo neno nalo limeishia na -wa. Mtu aliyeshukiwa hivyo alikuwa anaheshimiwa, watu wanakaa chini kumsikiliza. Hiyo ni tofauti kubwa sana na kondakta wa Jinja.

Majinuni sasa. Hili ni la Kiarabu, majnun, na mzizi wake ni herufi tatu, jim na nun mbili, maana yake kufunika, kuficha. Jini ni kiumbe kilichofichika. Janin ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu amefunikwa. Janna, pepo ya waumini, ni bustani ambayo miti yake imefunika ardhi. Na majnun ni aliyefunikwa, au aliyeingiwa na waliofichika. Kwa hiyo kwa Kiarabu Peponi na wazimu vimetoka kwenye mzizi mmoja. Alafu geuka uangalie Kiswahili: pepo ni shetani anayempanda mtu, na Peponi ni mahali pa raha ya milele, na vyote vina upepo ndani yake. Lugha mbili ambazo hazina undugu wa damu zimekaa mbali mbali zikaweka mambo haya mawili kwenye chumba kimoja. Mi sioni kama ni bahati tu, naona watu wa zamani pande zote walijua kwamba kisichoonekana kinaweza kukuinua na kinaweza kukuvunja.

Watu wa Makka walimuita Mtume majnun, na Kurani sura ya 68 aya ya 2 inamjibu moja kwa moja kwamba yeye si majnun. Kwenye Injili ya Yohana, sura ya 10, wako waliosema Yesu ana pepo tena ana wazimu, mbona mnamsikiliza. Kumbuka hilo ukitaka kumrushia mtu hili neno, limesharushwa kwa nani.

Na wapenzi wa mashairi wanamjua Qays, kijana wa Bani Amir kule Najd, aliyempenda Layla mpaka watu wakaacha kumuita Qays wakamuita Majnun tu. Wanasema baba yake alimpeleka Makka ili aombe aponywe mapenzi yale, akashika Kaaba akaomba yazidi. Hapa neno limevuka mto, halisemi tena ugonjwa, linasema mtu ambaye kitu kimoja kimemjaa hadi hakuna nafasi ya kingine. Ndo ile tunayosema leo "huyu ni kichaa wa mpira", Jumamosi jioni Kampala nzima imejaa hao, kwenye kila kibanda chenye televisheni, na hakuna anayewafukuza stejini. Ukiwa na wazimu wa kitu ambacho wengine wanakipenda unaitwa shabiki. Ukiwa na wazimu wa skrubu uko peke yako.

Kuna neno moja limekaa kimya kwenye Kiswahili na watu hawajui uzito wake, wasiwasi. Sisi tunasema wasiwasi kwa kitu kidogo, nina wasiwasi mvua itanyesha. Lakini waswas kwa Kiarabu ni mnong'ono, sauti ndogo inayorudia rudia, na ndo lile lililoko kwenye sura ya mwisho ya Kurani, An-Nas, aya sita tu, mtu anaomba kinga na mnong'onezaji anayenong'oneza vifuani mwa watu. Mashekhe walilijua tatizo hili zamani sana, mtu anatawadha, anahisi bado, anatawadha tena, maji yanaisha na yeye bado, swala imepita, na walikuwa wanamwambia asiisikilize ile sauti, aendelee na swala. Hata leo madaktari wanaoandika kwa Kiarabu, ugonjwa wa kurudia rudia jambo bila kuweza kuacha wanauita waswas unaolazimisha. Nilipolijua hili nilisikia tena lile "bado" la kaka yangu. Lilikuwa neno moja tu, analisema polepole, kama anamjibu mtu aliyemuinamia sikioni.

Wazungu nao wana yao. Neno lao la obsession limetoka kwa Kilatini, kukaa mbele ya kitu, na lilikuwa la vita, jeshi limeuzunguka mji limekaa, halipigani, linangoja tu mji ufe njaa. Mtoto wa kambi analielewa hilo haraka. Lunatic linatoka kwa luna, mwezi, waliamini mwezi ndo unaleta. Hata kwenye Mathayo 4 pale Biblia yetu inaposema wenye kifafa, Kigiriki chenyewe kinasema waliopigwa na mwezi. Kumbe hata hao wamepigwa, hata hao wametendwa. Ila walipofika kututawala hawakuja na mwezi, walikuja na sheria, ile ya mwaka 1938 ambayo iliwaita wagonjwa watu wenye akili isiyo nzima, na ilikaa kwenye vitabu vya Uganda miaka 80, mpaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 2018. Hapo sioni mgeni yeyote wala mzigo wowote, naona akili tu ambayo wameshaikagua wakaiandika ni mbovu.

Sasa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Neno la mama lilikuwa la huruma lakini lilitupotezea muda. Ukisema amepandwa, swali linalofuata ni nani atamshusha. Tukampeleka kwa mganga mmoja mbali sana na nyumbani, na huko walimfunga miguu na kamba ya katani chini ya mti, wakatudai mbuzi, alafu wa pili, na sisi tukatoa, na mimi ndo niliyemvuta yule mbuzi wa pili mpaka pale. Miezi saba. Alirudi na alama kwenye vifundo vya miguu ambazo anazo mpaka leo, na skrubu bado alikuwa anazihesabu, safari hii kwa kokoto. Kwa hiyo ninaposema lugha yetu ina hekima simaanishi kwamba mzimu ndo ulikuwa pale. Simaanishi hivyo hata kidogo. Nasema namna tulivyoliunda neno ilituachia ndugu yetu upande mmoja na kile kitu upande mwingine, na sisi tukaja tukamfunga kamba ndugu yetu.

Baba ndiye aliyekata shauri twende hospitali. Pale Kampala watu wakisikia Butabika wanacheka, ukimwambia mtu "nenda Butabika" ni tusi kamili, hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955 karibu na ziwa imegeuka jina la kichaa, na sijui ni wagonjwa wangapi wamekaa nyumbani wakaharibika kwa kuogopa tu hilo jina. Mi sitaji tulikwenda wapi. Nitasema tu kwamba sista aliyetupokea alikuwa mama mnene mtaratibu, akavuta kiti akakaa karibu na kaka kabisa, magoti yanakaribia kugusana, hakutazama faili, akamuuliza yeye mwenyewe na siyo sisi, "Kaka, ulianza lini kuumwa?"

Kuumwa. Miezi tisa kila mtu alikuwa na neno, na hakuna aliyekuwa amelitumia hilo. Na lenyewe nalo angalia, kuuma, kuumwa, mtu anaumwa, kitu kinamuuma, -wa ile ile. Ni ndugu wa kupandwa na kupagawa, ila hili halitafuti mganga, linatafuta dawa. Kaka akamtazama. Akasema, "Tangu Februari, sista. Silali."

Ilichukua muda. Dawa ya kwanza ilimfanya atetemeke mikono, na kwa fundi hilo ni jambo zito kuliko unavyofikiri, alilia siku aliposhindwa kuingiza waya kwenye tundu lake. Wakambadilishia. Mwaka 2011 akaanza tena kufungua redio, moja tu kwa siku, baba amekaa pembeni anajifanya anasoma gazeti. Bado anakunywa vidonge vyake. Kuna miezi mizuri na kuna miezi ambayo anatuambia mwenyewe, inakuja, na tunajua la kufanya.

Jumamosi ile nilipofika Kampala nilimpigia simu nikamsimulia habari ya mama wa Arua na kondakta. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Na yule jamaa mwenye koti, alikuwa anachora nini?" Nikamwambia sikuangalia. Akasema, "Siku nyingine angalia."

Jumapili nikarudi Jinja nikapita kibandani kwake. Mlango uko wazi, jua limeingia mpaka mezani, skrubu ziko ndani ya kifuniko cha kopo la kahawa, zimechanganyika tu, ndefu na fupi. Akaja dada mmoja ana kitenge na mtoto mgongoni, akasimama kwenye kizingiti.

"Fundi, redio yangu imepona?"

"Imepona, dada," kaka akasema, huku anafunga skrubu ya mwisho. "Ingia uisikilize kwanza kabla hujalipa."